Geji ya Joto Katika Pikapu ya Baba

Jumatatu, 13 Januari 2025

Tumerudi kutoka Msambweni jua limeshapinda. Mama amelala tangu tushuke garini. Siku ya kusafishwa damu kwa mashine hurudi hana nguvu hata ya kufungua kanga, basi mimi humvua viatu tu nikamfunika.

Gari limechemka tena leo. Tulikuwa tunapanda kutoka Kinango kwenda Kwale, pale barabara inapoingia msituni, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Kaka yangu Tsuma akaegesha, akangoja, akatia maji, tukaendelea. Nikamwonyesha mshale wa joto kwenye dashibodi: umekaa katikati, wala hautikisiki. Akasema basi si joto, ni uzee. Hii ni pikapu ya baba, ya viti vya mbele na nyuma, na baba aliiendesha hadi alipokufa bila kuilalamikia.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, ameegemea mto. Akasema gari hili linakunywa maji kuliko yeye. Tukacheka wote. Daktari amempa kikombe kimoja kidogo kwa siku nzima, katika kiangazi hiki.

Tsuma nimwandike vizuri, maana leo amenifurahisha. Tulipotoka hospitali alimbeba Mama mikononi kutoka mlangoni hadi garini, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Kuna mama mmoja pale kwenye benchi akasema laiti naye angezaa wa kiume kama huyu. Tsuma anataka kugombea udiwani uchaguzi ujao, na watu wameshaanza kumwita mheshimiwa, lakini kumbeba Mama vile haikuwa siasa. Mimi niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, nikapewa chumba na mahali pa kuweka cherehani, sina la kumlaumu.

Alhamisi, 16 Januari

Tumekwenda, tumerudi. Jua. Mbuzi wa jirani wamekula hadi makuti ya choo.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeipeleka pikapu kwa Ngui, fundi wa pale Kinango, karibu na mnada wa ng'ombe. Ngui ni Mkamba, wazazi wake walipewa shamba Shimba Hills, na yeye amezaliwa huko, lakini hapa bado wanamwita mtu wa bara. Mkewe, Syovata, anauza chai na mahamri kando ya gereji.

Alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, kikatoka na kitu cheupe kama magadi. Akauliza tunatia maji gani. Nikamwambia ya kisima cha pampu, kwani kuna mengine? Maji ya kisima chetu yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Akasema hiyo chumvi imeziba njia za maji ndani ya rejeta na imeanza kuula mkono wa chini, ile shingo inayorudisha maji kwenye injini. Itafaa kubadilishwa nzima. Kwa sasa anaweza kuiosha.

Halafu akanionyesha kwamba ule mshale wa dashibodi umekufa zamani. Alichomoa waya wake injini ikiwa ya moto, nao ukabaki pale pale katikati. Akanishauri tutie geji nyingine, yenye namba, inayopima joto la maji yenyewe. Akanitahadharisha pia kwamba geji haiponyi gari. Inasema tu, na dereva asiposikia ni kazi bure.

Nimemweleza Tsuma jioni. Kuhusu rejeta akasema ataangalia. Kuhusu geji akauliza kama nadhani hajui kuendesha.

Alhamisi, 30 Januari

Mama alipokuwa kwenye mashine nilipanda gari hadi Ukunda kwenye duka la vipuri. Nimepata geji. Ni ndogo, ya duara, ina mshale mwekundu na namba hadi mia na ishirini. Muuzaji, kijana wa Nairobi mwenye Sheng nyingi, alidhani nimetumwa na mume wangu.

Jumamosi, 1 Februari

Geji imeingia.

Tsuma alikuwa amekwenda Samburu, hii ya kwetu Kwale, kwenye harambee na gari la rafiki yake, kwa hiyo nilikaa gereji tangu asubuhi. Ngui alimwaga maji yote kwanza, akauvua ule mpira mnene wa juu unaotoa maji ya moto kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta. Akauliza kama nina futi ya kupimia, nami ninayo siku zote shingoni. Tukapima, akaukata mpira katikati kwa kisu, akachomeka kipande cha bomba la chuma, kifupi, chenye tundu ubavuni. Katika tundu lile akaisokotea sensa, kile kijiti kinachohisi joto, ameizungushia tepi nyeupe isivuje, akakaza klipu kila upande.

Nikadhani tumemaliza, kumbe nyaya bado. Mmoja kutoka kwenye sensa hadi kwenye geji. Mmoja kutoka swichi ya ufunguo ili geji izime gari likizimwa. Mmoja wa kuifunga geji kwenye bodi. Akaongeza mwingine mfupi kutoka kwenye lile bomba la chuma hadi kwenye bodi, kwa sababu bomba limekaa kati ya mipira miwili, na mpira haupitishi umeme. Bila waya ule sensa haisemi kitu. Nilizishona nyaya pamoja kwa uzi wa turubai ili zisining'inie, naye akacheka, akasema hajaona gari lililoshonwa.

Tuliwasha, tukangoja. Mshale ukapanda taratibu, themanini, themanini na tano, ukatulia. Akaukanda mpira kwa mkono pande zote mbili, hata tone. Akaniambia nikumbuke: ikifika mia na tano, simama hapo hapo, zima, usifungue kifuniko mpaka ipoe.

Nimefurahi kama niliyemaliza gauni la harusi.

Jumatatu, 3 Februari

Tambarare themanini na nne. Mlimani tisini na nane. Tulipofika Kwale Tsuma alisema tu kwamba sasa amewekewa msimamizi. Mama huko nyuma akawa anauliza kila kilima, "Ngapi?" Namjibu. Anapenda kuuliza. Anasema yeye akiwa kwenye mashine nesi pia anasoma namba, na hakuna anayemwambia.

Alhamisi, 6 Februari

Joto mno. Tisini na tano.

Jumatatu, 10 Februari

Mia na sita mlimani. Tumesimama chini ya miti tukangoja. Tsuma alikuwa na kikao Kwale na akawa anatazama simu. Watu waliopita na pikipiki walimsalimia, "Mheshimiwa, limekufa?" Akawajibu kwamba dada yake ndiye mwenye gari siku hizi.

Jumatatu, 17 Februari

Leo Tsuma ametundika kofia yake juu ya geji. Nikaiondoa. Akairudisha. Mama akasema, Tsuma, mwanangu, nataka kujua ni ngapi. Ndipo akaivaa kichwani.

Jumapili, 23 Februari

Yale maji matamu niliyonunua na kuyaweka kwa ajili ya rejeta, Tsuma amewapa wageni wake kunawia mikono. Rejeta ameitilia ya kisima. Nikamkumbusha alivyosema Ngui. Akasema Ngui anatafuta kazi kwetu, na watu wa bara ndivyo walivyo, wakishaingia mlango mmoja wanataka nyumba yote. Mama yake Syovata alimbeba Tsuma mgongoni utotoni, walipokuwa majirani zetu, na Tsuma anajua.

Tangu lini amekuwa anasema hivi? Au alisema siku zote, na mimi sikuwa nasikiliza?

Jumapili, 2 Machi

Jirani zetu Waislamu wamefunga leo. Mama amesema yeye amefunga tangu mwaka jana, na hana magharibi ya kungojea.

Kesho ni siku ya mashine. Tsuma ameondoka na pikapu mchana, amewabeba wazee kwenda kwenye mazishi upande wa Samburu. Ameniahidi atarudi kabla ya mapambazuko.

Jumatatu, 3 Machi

Hakurudi.

Nilimvalisha Mama, nikamketisha barazani na mto wake. Tulikaa tukitazama barabara. Simu ya Tsuma haipatikani. Jua lilipopanda nilitaka kutafuta gari la kukodi, Mama akanikataza, ndugu yangu akija atakuta hatupo na ataona haya. Nami nikakubali. Hilo nitajiuliza siku zote, kwa nini nilikubali.

Amefika jioni, amechoka, ana vumbi hadi kwenye kope. Akasema mwili ulichelewa kuletwa. Akasema Alhamisi si mbali.

Jumatano, 5 Machi

Miguu ya Mama imevimba, uso pia. Hawezi kulala chali, anahema. Anaomba maji. Nampa kidogo kidogo ya kulowesha ulimi. Nataka tuondoke leo, Tsuma anasema hospitali wametupangia kesho na gari lina shida ya breki, analitengeneza. Nimemkuta analiosha.

Jumamosi, 8 Machi, Msambweni

Ninaandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Ni leo tu nimepata nafasi.

Alhamisi tuliondoka mapema. Mama alikuwa anahema kwa mdomo, sauti yake inasikika hata injini ikinguruma. Nilichukua mtungi wa lita tano wa maji matamu, nikauweka miguuni. Tsuma alikuwa anakwenda kasi. Tulipoanza kupanda, geji ikafika mia, mia na mbili. Msitu ulipoanza ikawa mia na nane.

Nikasema, "Mia na nane. Simama."

"Tukisimama tutachelewa. Humsikii anavyohema?"

"Kaka, simama."

Akasema afike juu tu, kutoka pale ni mteremko, gari litapoa lenyewe. Mimi nilikuwa namtazama Mama, kisha geji, kisha Mama. Na Tsuma alikuwa na haki kwa jambo moja: Mama alikuwa hana wakati wa kusubiri.

Ndipo mshale ukaanza kushuka. Sikuamini. Mia. Tisini. Sabini. Mlima bado ulikuwa mbele yetu, nao ulikuwa unashuka. Nikaona moyo umenirudi mahali pake.

Nikasema, "Inashuka. Twende, kaka, twende."

Hayo ni maneno yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Hatukwenda mbali. Kukaja harufu ya chuma kilichoungua, kisha mlio kama mtu anapiga nyundo kutoka ndani, kisha injini ikazimika na usukani ukawa mzito. Tsuma alilisukuma kando kwa nguvu zilizobaki. Alifungua boneti. Hakukuwa na mvuke mwingi. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, halikuruka hata tone. Ndani mlikuwa mkavu.

Mama akaniita. Alitaka maji. Nikammiminia kwenye kifuniko cha mtungi, akanywa mara moja.

"Niongeze, Dama."

Nikamwambia daktari amekataza, Mama, maji yamekujaa kifuani. Akanitazama tu. Kisha nikampa Tsuma mtungi, akamimina yote kwenye rejeta. Yalilia ndani kama mafuta kwenye kikaango, halafu yakatoka chini, yakatambaa kwenye lami hadi karibu na mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Mama alikuwa anayaangalia yakipita. Lita tano. Injini ilikuwa imeshakufa, na mimi nimeipa lita tano, na mama yangu nimempa kifuniko.

Lori la mchanga ndilo lililotubeba. Dereva alimpakia Mama mbele, mimi nikakaa sakafuni nikiwa nimemshika magoti. Tsuma alibaki na gari. Kwale nikapata teksi. Tulipofika Msambweni ilikuwa adhuhuri imepita, na manesi walimpokea kwa mbio, wakamtia oksijeni, wakamweka kwenye mashine pale pale. Sina neno nao. Daktari aliniambia moyo umefanya kazi kubwa sana na amechelewa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda nyumbani kuchukua nguo. Pikapu imevutwa hadi kwa Ngui. Nikapita.

Alinikaribisha kiti, akanieleza polepole. Mpira wa juu ni mzima, lile bomba la geji limekauka kama alivyoliacha, klipu hazijasogea. Kilichopasuka ni mkono wa chini wa rejeta, pale chumvi ilipokuwa inakula. Maji yote yalimwagikia huko tukiwa mwendoni. Tsuma alikuja jana, naye Ngui akamwonyesha aone kwa macho yake.

Nikamuuliza kuhusu mshale. Mbona ulishuka?

Alinitazama kama mtu asiyetaka kujibu. Akasema sensa inapima maji. Maji yakiisha inabaki katika hewa, na mshale unaanguka. Ukiuona umeanguka ghafla na gari bado linapanda, hapo ndipo pa kuzima haraka kuliko wakati wowote. Akasema alipaswa kuniambia siku ile ya kuifunga, hakuwaza.

Sikumwambia nilichosema mlimani. Nilikunywa chai ya Syovata nikaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Mama ameweza kuzungumza leo. Aliiondoa ile barakoa ya oksijeni kwa mkono wake. Nilitaka kumrudishia, akakataa. Alisema kwa vipande, akipumzika katikati.

"Nilikuwa nyuma, nilisikia yote. Yeye alikataa kusimama. Wewe ukasema twende."

Nilikuwa nadhani hakusikia.

"Watu wakiuliza, usimseme ndugu yako. Yeye ana watu wanaomtazama. Wewe hakuna anayekutazama."

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa mzigo mwepesi kwa kuwa mikono yako iko wazi. Nikamwambia sawa, Mama. Nikamrudishia barakoa. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi.

Nimemuuguza mwaka mzima. Nimemvua viatu, nimempimia maji, nimehesabu vidonge. Na alichokiona kwangu ni hicho tu, mtu asiyetazamwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mama amefariki alfajiri.

Jumatano, 19 Machi

Tumemzika Mama jana, nyuma ya nyumba, kando ya baba. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na nusu yao walimjia Tsuma.

Alisimama kusema. Mwanzo alisema vizuri, nikalia. Alieleza Mama alivyolima, alivyotulea baada ya baba. Kisha akafika kwenye ile safari. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeizoea hadhira.

"Mama yangu angekuwa hai leo," akasema, "lau mpira wa gari lile usingekatwa na mtu asiyeijua kazi."

Hakutaja jina. Vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea mwisho wa turubai, ambako Ngui alikuwa amesimama na Syovata na sufuria ya chai waliyoileta. Ngui aliinamisha kichwa. Syovata alinitazama mimi, moja kwa moja, akangoja.

Nilitazama kaburi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeambiwa mwenye basi la shule ameondoa gari lake kwa Ngui. Na wa posho mill, kinu cha unga, pia pikapu yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Ardhi imetoa harufu nzuri, nami nimeichukia.

Jumapili, 13 Aprili

Syovata amekuja. Hakukaa. Alinipa pole tena, akaniuliza habari ya cherehani, kisha akasema gereji haina gari hata moja tangu mwezi uliopita, na mtu mmoja aliandika kwa mkaa ukutani, rudi kwenu. Kwao ni Shimba Hills, akasema, warudi wapi tena? Hakuniomba niseme uongo wala nimtukane mtu. Alitaka niseme nilichokiona, basi.

Nikamwambia nimemwahidi marehemu. Akasema marehemu hakuwa na gereji.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemfuata Tsuma kwenye zizi, alikuwa peke yake. Nilimwambia anajua mpira ule ulikuwa mzima, ameonyeshwa. Nilidhani atakana. Alikaa juu ya gogo, akajifuta uso.

"Najua," akasema. "Najua ni mimi. Nimekuwa nikifikiri hivyo kila siku tangu siku ile."

Moyo wangu ulimwendea. Nikamwambia basi akaseme pale pale alikosemea, mbele ya watu. Akatikisa kichwa. Watamwona mtu aliyemuua mama yake, akasema. Fundi atapata kazi kwingine, yeye hatapata mama mwingine wala jina lingine. Nilitaka kumwambia habari ya mshale, kwamba nami nina fungu langu, tuligawane. Sikumwambia. Niliogopa angelichukua langu akalifanya lote.

Jumapili, 27 Aprili

Jana tulifunga matanga. Mjomba Nzai, kaka yake Mama, ndiye aliyeongoza. Mvua ilikuwa imetulia. Watu walikula, wakaombwa mwenye neno aseme kabla ya kutawanyika. Wanawake hawasemi sana katika vikao hivyo. Nikasimama.

Nilisema kwa ufupi kwa sababu nilijua pumzi haitatosha. Nilisema mpira uliokatwa na Ngui haukuvuja. Rejeta ilipasuka chini, kwa chumvi, na tulikuwa tumeambiwa. Siku ya mashine ilipita gari likiwa Samburu. Nilisema geji ilituonya, nikamwomba Tsuma asimame, akakataa. Kisha mshale ukaanguka kwa kuwa maji yameisha, nami sikujua, nikasema twende. Kwa hiyo tulikuwa wawili, na Ngui hakuwa wa tatu.

Shangazi mmoja akanishika kanga, akanivuta nikae.

Tsuma alisimama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuja hadi nilipo, akaniwekea mkono begani, akawaambia watu kwamba dada yake amemuuguza Mama peke yake, hajalala mwaka mzima, na majonzi yana njia nyingi za kutoka. Akaomba wasiniwekee neno moyoni. Nikaona vichwa vinaitikia. Wazee waliguna kwa huruma. Kuna aliyesema huyu kweli ni kiongozi.

Mjomba Nzai ndiye pekee aliyeniuliza swali, tena baadaye, pembeni. Aliniuliza ni nani mwingine aliyesikia tukiwa garini. Nikamjibu, Mama. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Asubuhi ya leo mke wa Tsuma, kwa adabu zote, ameniuliza nadhani nitakaa mpaka lini, kwa sababu watoto wanakua na chumba kinahitajika.

Jumanne, 29 Aprili

Kuna mwanamke wa Kinondo ninayemjua, Ummi, anashona nguo za watumishi wa mahoteli. Amesema nije na cherehani yangu. Naondoka kesho.

Leo nilikwenda kwa Ngui kumwambia nimesema. Nilitembea kwa miguu, matope hadi kwenye mashavu ya miguu, nikiwa nimejipangia maneno. Nilidhani atakuwa ameshasikia. Pengine, nilijiambia, gari moja limesharudi.

Nilimkuta juu ya ngazi anang'oa mabati. Vifaa vyake vilikuwa vimefungwa kwenye magunia. Meza ya mahamri haikuwepo, Syovata ametangulia Shimba Hills na watoto tangu juzi. Nikamwamkia, akashuka, akajifuta mikono kabla ya kunipa wa kuume.

Nikamweleza yote, na la mshale pia, na maneno yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema amesikia, mtu alimpigia simu Jumamosi ile ile.

"Ahsante, dada," akasema. "Ungelisema siku ya mazishi. Siku ile walikuwa wananitazama."

Hakulisema kwa hasira. Nikamjibu ni kweli.

Mvua ikaanza. Alikuwa amebakiwa na lile turubai kubwa alilokuwa akifunika magari, akaniomba nimshikie upande mmoja. Nikashika. Tukalikunja, yeye akija kwangu na ncha zake, mimi nikimpokea, hadi likawa dogo la kubebeka. Akalitia begani, akaniambia nifike salama.